Tangi langu linakataa hesabu: mlinganyo unasema nyuzi 37.2, kipimajoto kinasema 35.4

Pipa_200:
Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, leo nimekwama mwenyewe.

Nina tangi la lita 200, limesimama wima, kipenyo sm 60, juu liko wazi. Maji yanaingia lita 10 kwa dakika yakiwa na nyuzi 20, na yanatoka kiasi hichohicho kwa bomba la pembeni, kwa hiyo kina hakibadiliki. Ndani nimezamisha hita, bati lake limeandikwa kW 12. Kikoroga kinazunguka mara 300 kwa dakika. Hewa ya chumbani ni nyuzi 22.

Mlinganyo wangu ni ule wa kawaida:

m·c·dT/dt = w·c·(Ti − T) + Q

T ni halijoto ya tangi, Ti ya maji yanayoingia, Q ni nguvu ya hita, m ni kilo 200, c ni kJ 4.18 kwa kilo kwa kila uzi, w ni kilo 0.1667 kwa sekunde. Mambo yakitulia dT/dt inakuwa sifuri, basi maji yanapanda kwa Q/(w·c) = 12/0.697 = nyuzi 17.2. Yaani nategemea 37.2. Nimesubiri saa mbili nzima, kipimajoto kimegoma kwenye 35.4.

Nikaongeza upotevu wa joto, UA·(T − Ta): U ni wati zinazopita kwenye kila mita ya mraba kwa kila uzi, A ni eneo, Ta ni hewa ya chumbani. Nikichezea UA hadi wati 95 kwa kila uzi, jibu linatua 35.4 sawasawa. Lakini sasa mwanzo wa grafu haukai: mchoro wa hesabu unapanda mapema, vipimo vinakuja nyuma. Nimekosea wapi?

Kisu_Kikali:
Hujakosea popote mkuu. Tangi liko wazi, joto linapotea, UA 95 umeipata. Mwanzo wa grafu achana nao, hizo ni kelele za sensa. Funga kazi.

Mzee wa Koili:
Kisu, taratibu. Kabla ya kufunga kazi tuulizane hiyo 95 ina maana gani.

Lita 200 kwenye kipenyo cha sm 60 ni kina cha sm 71 hivi. Ubavu una mita za mraba 1.33, chini 0.28, juu 0.28. Jumla 1.9. Gawa 95 kwa 1.9 unapata U ya 50. Ukuta wa chuma unaotazamana na hewa iliyotulia, ukijumlisha na mnururisho, unakupa kama 10. Mvuke unaotoka juu utaongeza kitu, sikatai, lakini kwenye nyuzi 35 hautakufikisha 50. Labda kama umeweka feni inapuliza moja kwa moja.

Namba yoyote unayoipata kwa kuchezea hadi mchoro ulingane, irudishe kwenye eneo na chuma chake uone kama dunia inaikubali. Hiyo 95 imebeba dhambi za mtu mwingine. Tumtafute.

Pipa_200:
Shikamoo mzee. Hakuna feni, madirisha yamefungwa.

Mzee wa Koili:
Marahaba. Basi tuanze na lile lisilobishaniwa: joto linaloondoka na maji. w·c·(35.4 − 20) = kW 10.73. Hiyo imo ndani ya bomba, inaonekana. Unadai unaingiza 12. Tofauti ni kW 1.27, na ndiyo uliyoibandika yote kwenye UA. Mimi naona washukiwa watatu: upotevu wenyewe, mtiririko ambao si lita 10, na hita ambayo si kW 12. Usimuamini yeyote kwa sababu tu ameandikwa kwenye bati.

Pipa_200:
Mtiririko nimeupima sasa hivi kwa ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Mara tatu: dakika 2 na sekunde 1, dakika 2 kamili, dakika 2 kamili. Huyo yuko huru.

MsomajiKimya:
Samahani wakuu, naingilia kidogo. Kwenye vitabu naona wanaandika w·c·(Ti − Tref) kwa kinachoingia na w·c·(T − Tref) kwa kinachotoka, Tref ikiwa halijoto ya kuanzia kuhesabu. Mbona nyie hamna Tref? Na kikoroga je, nacho hakileti joto?

binti_fizikia:
Tref ipo ila inajifuta. Kinachoingia kutoa kinachotoka: w·c·(Ti − Tref) − w·c·(T − Tref) = w·c·(Ti − T). Inajifuta kwa sababu maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Siku kina kikianza kubadilika haitajifuta kirahisi hivyo, itabidi uandike na urari wa maji yenyewe pembeni.

Kikoroga: nguvu yake ni Np·ρ·N³·D⁵. Np ni namba inayotegemea umbo la pangaboi, ρ ni kilo 1000 za maji kwa mita ya ujazo, N ni mizunguko kwa sekunde, D ni kipenyo cha pangaboi. Pipa, pangaboi lako likoje?

Pipa_200:
Mabawa manne yaliyolalia upande, kipenyo sm 20.

binti_fizikia:
Kwa aina hiyo Np ni kama 1.3. N ni mizunguko 5 kwa sekunde, N³ = 125. D⁵ = 0.00032. Jumla wati 52. Inapandisha tangi lako nyuzi 0.07. Ndiyo maana watu huwa wanaitupa. Lakini angalia ile N³: ukizungusha mara 600 unapata wati 416, na hapo huwezi kuitupa tena. Kwa vimiminika vizito vinavyokorogwa kwa nguvu kuna siku kikoroga ndiyo hita.

Turudi kwenye kesi. Tatizo lako ni kwamba Q na UA unazisoma zote kwenye namba moja, 35.4. Ukiongeza Q ukaongeza na UA, jibu linabaki palepale, kwa hiyo kipimo kimoja hakiwezi kuzitenganisha. Fanya hivi: funga maji yasiingie wala kutoka, acha kikoroga, washa hita, pima kasi ya kupanda halijoto ikiwa karibu na ile ya chumba. Pale T inapokaribia Ta upotevu unakaribia sifuri, haijalishi UA ni 20 au 95. Kasi mara m·c (kJ 836 kwa uzi) inakupa Q karibu tupu.

Pipa_200:
Nimefanya dada. Tangi lilianza nyuzi 20, nikawasha hita na saa pamoja, nikasubiri kisomeke 24. Dakika 6 na sekunde 20.

4 × 836 = kJ 3344. Gawa kwa sekunde 380 = kW 8.8!!

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Maji pekee yanabeba 10.73 yakiwa yanatiririka. Natoa joto kuliko ninaloingiza?

Kisu_Kikali:
Hahaha umegundua chanzo kipya cha nishati. Kasajili haraka.

Mzee wa Koili:
Cheka tu, lakini hilo ndilo jibu zuri kuliko yote leo. Urari ukikwambia kinatoka zaidi ya kinachoingia, usiulaumu urari. Kuna kipimo kinadanganya, na hapa kinachodanganya ni saa au sensa. Pipa, sensa imekaaje ndani ya tangi?

Pipa_200:
Iko ndani ya kifuko cha chuma kilichochomelewa ubavuni, sensa inaingizwa kwa nje. Ni nyembamba kuliko kifuko, inacheza kidogo.

Mzee wa Koili:
Tumemshika. Hewa iliyo kati ya sensa na kifuko ni blanketi. Sensa inasoma halijoto ya maji ya dakika moja na kitu iliyopita.

binti_fizikia:
Na tunaweza kujua ni ya muda gani. Maji yakipanda kwa kasi isiyobadilika, sensa yenye uchelewevu τs mwanzoni inajikokota, halafu inapanda kwa kasi ileile ya maji, ila iko nyuma yake kwa τs. Kwa hiyo ukianza saa pamoja na hita unajumlisha uchelewevu ndani ya hesabu. Ukianza saa baada ya kama dakika tano, uchelewevu uko mwanzoni na mwishoni sawasawa, unajikata.

Rudia: washa hita, usiguse saa. Kikisomeka 24 ndipo uanze, kikisomeka 28 simamisha.

Pipa_200:
Dakika 5 na sekunde 5.

3344 / 305 = kW 10.96. Kutoka 8.8! Hita ileile, maji yaleyale.

binti_fizikia:
Safi. Kwenye masafa hayo tangi lilikuwa juu ya chumba kwa wastani wa nyuzi kama 5, kwa hiyo kuna upotevu ninaoukisia kuwa kama wati 120 wa kurudisha, na wati 52 za kikoroga za kutoa. Hita inatoa kama kW 11.03. Kilowati moja nzima haipo. Mzee, mshukiwa wa tatu huyo.

Mzee wa Koili:
Pipa, bati la hita limeandikwa volti ngapi, na ukipima kwenye nguzo zake hita ikiwa inafanya kazi unapata ngapi? Awepo mtu mwenye uzoefu wa umeme, na mikono iwe mikavu. Usipime peke yako karibu na tangi la maji.

Pipa_200:
Fundi wetu wa umeme amenipimia. Bati: 240. Kipimo hita ikiwa imewashwa: 230.

Mzee wa Koili:
Waya wa hita una ukinzani wake, haubadiliki sana, basi nguvu inafuata mraba wa volti. 12 × (230/240)² = kW 11.02.

Volti zimepungua asilimia 4 tu, nguvu imepungua asilimia 8. Kisu, zile dhambi ndizo hizi.

Kisu_Kikali:
Nimevua kofia mzee. Ila tukubaliane kuna upotevu kidogo, sikuwa nje kabisa.

binti_fizikia:
Upo. Kinachoingia: 11.02 + 0.05 = 11.07. Maji yanabeba 10.73. Zinabaki wati 340 hivi, gawa kwa nyuzi 13.4 (35.4 toa 22), UA = 25.5. Kwa mita za mraba 1.9 ni U ya 13 na kitu. Ukuta kwenye hewa tulivu pamoja na mvuke wa juu. Hiyo ninaikubali.

Na mlinganyo mzima sasa ni:

m·c·dT/dt = w·c·(Ti − T) + Q + P − UA·(T − Ta)

P ni ya kikoroga. Muda wa tangi, ule wa kufika asilimia 63 ya safari, ni m·c/(w·c + UA) = 836/0.722 = sekunde 1158, dakika 19.3. Kwa UA yako ya 95 ulikuwa unapata dakika 17.6. Ndiyo sababu mchoro wako ulikuwa unakimbia: ukikuza upotevu unashusha kilele na wakati huohuo unaharakisha tangi.

Pipa_200:
Nimechora upya na Q 11.02 na UA 25.5. Baada ya saa moja umelala juu ya vipimo kabisa. Kabla ya hapo bado vipimo viko chini kidogo, pengo kubwa ni kama 0.9 kwenye dakika ya nne.

Mzee wa Koili:
Hiyo ni sensa yako. Ichomoe, iingize kwenye kifuko cha akiba kama kipo, vitumbukize kwenye maji ya moto, hesabu sekunde za kufika asilimia 63.

Pipa_200:
Kipo kimoja kilichobaki wakati wa kuchomelea. Sekunde 80.

binti_fizikia:
Basi ongeza mlinganyo wa pili, mfupi: τs·dTs/dt = T − Ts, Ts ikiwa ile inayosomwa na sensa, na ulinganishe vipimo na Ts badala ya T. Tangi la dakika 19.3 na sensa ya sekunde 80 vinakupa pengo la juu kabisa la nyuzi 0.87, karibu dakika ya nne. Uliona 0.9.

Pipa_200:
Imekaa!! Sikutegemea. Sasa uchu umenipanda, nataka niweke na chuma cha hita chenyewe. Kina kilo kama 6 za chuma, eneo mita za mraba 0.25. Nimeandika:

mh·ch·dTh/dt = Q − hA·(Th − T)

na kwenye maji nimeondoa Q nikaweka hA·(Th − T). Th ni halijoto ya chuma cha hita, mh na ch ni kilo na c yake, h ni wati zinazoingia majini kwa kila mita ya mraba kwa uzi; nimetumia h ya 1000. Natembea hatua za sekunde 30 kama mwanzo. Hita inafika nyuzi 130, kisha iko chini ya barafu, kisha zaidi ya 200, kisha chini ya barafu tena. Nimeangalia alama zote za kujumlisha na kutoa, ziko sawa.

Namba_Tupu:
Alama ziko sawa, hatua ndiyo mbovu. mh·ch ni kJ 3 kwa uzi, hA ni wati 250 kwa uzi, muda wa chuma cha hita ni sekunde 12. Unapotembea kwa njia ya moja kwa moja (thamani mpya = ya zamani + kasi × hatua), kosa la kila hatua linazidishwa na 1 − 30/12, yaani −1.5. Linageuka alama na kukua kwa nusu yake. Ndiyo hilo dansi unaloliona. Hatua lazima iwe chini ya mara mbili ya muda mdogo kabisa kwenye mfumo, hapa sekunde 24, na ili jibu liwe zuri pia shuka hadi 2 au 3. Mwanzo ulikuwa na tangi tu la dakika 19, hatua ya sekunde 30 ilikuwa ni anasa.

Au tumia njia inayotafuta thamani mpya kwa kasi ya mwisho wa hatua badala ya mwanzo. Hiyo hailipuki, hata ukipiga hatua ndefu.

Mzee wa Koili:
Au usiiweke kabisa. Sekunde 12 mbele ya dakika 19 ni kelele, huku sensa yako ina 80. Faida pekee ya mlinganyo huo ni kujua chuma kina nyuzi ngapi: 35.4 + 11020/250 = kama 79. Ukiwa na kimiminika kinachoungua au kinachoacha ukoko kwenye hita, hapo utauhitaji. Kwa maji, hapana.

MsomajiKimya:
Na kina kikibadilika? Mimi tangi langu linajaa na kushuka. Nimeandika V·dT/dt = Fi·Ti − F·T + Q/(ρc), V ni ujazo wa maji, Fi mtiririko wa kuingia, F wa kutoka, lakini nikitoa maji mengi kuliko yanayoingia, hata hita ikiwa imezimwa na Ti sawa na T, halijoto inashuka yenyewe.

binti_fizikia:
Kosa la watu wengi hilo, na mimi nimo. Kinachotunzwa ni nishati yote ya tangi, kwa hiyo upande wa kushoto ni d(VT)/dt, siyo V·dT/dt. Ukiifungua inakuwa V·dT/dt + T·dV/dt, na dV/dt = Fi − F. Hamisha kulia, F·T inajifuta:

V·dT/dt = Fi·(Ti − T) + Q/(ρc)

Mtiririko wa kutoka umepotea kabisa kwenye mlinganyo wa halijoto. Ni sawa kabisa: ukichota maji kwenye ndoo, yaliyobaki hayapoi kwa sababu umechota. F inafanya kazi kupitia V tu. V ikipungua, hita ileile inapandisha maji machache kwa kasi zaidi. Weka na sharti la kuzima hita kabla kina hakijafika juu yake, kwenye modeli na kwenye tangi.

Kisu_Kikali:
Na kama ni gesi badala ya maji?

binti_fizikia:
Hiyo ni mada nyingine. Kwa kifupi, kilicho ndani ya tangi kinahesabiwa kwa cv (c ya ujazo usiobadilika) na kinachopita kwenye bomba kwa cp (c ya shinikizo lisilobadilika). Kwa maji hizo mbili karibu ni moja, kwa hewa zinapishana mara 1.4.

Mzee wa Koili:
Pipa, kabla hujaondoka. UA 25.5 tumeipata kwa kutoa namba kubwa kwenye namba kubwa, 11.07 toa 10.73. Kosa la asilimia 1 kwenye mtiririko linaivuruga kwa theluthi. Ipime yenyewe: tangi likiwa 35.4 zima hita, funga maji, acha kikoroga, kaa saa moja. Kwa 25.5 utashuka nyuzi 1.2. Kwa ile 95 ya mwanzo ungeshuka zaidi ya 4. Na weka mafuta kidogo ndani ya kile kifuko cha sensa.

Pipa_200:
Nimerudi. Saa moja kamili, kutoka 35.4 hadi 34.2.

Mafuta nayo nimeweka, sensa sasa inachukua sekunde 30 hivi. Natafuta ubao wa kufunika juu nione ile 25.5 mvuke ulikuwa na sehemu gani, nitaleta namba.